Tochi ya Jeshi ya Shingo Iliyopinda, na Kwa Nini LED Haiingii Tu Pale Balbu Ilipotoka

Kwenye mnada wa vitu vya zamani hapa Ohio ninakoishi, niliokota tochi ya plastiki ya kijani cha jeshi, kichwa kimepinda kwa pembe mraba kama mtu anayechungulia kona. Ubavuni pameandikwa MX-991/U. Ndani mlikuwa na betri mbili kubwa zilizooza na kugandana na springi. Nilipoisafisha nikaagiza balbu ya LED iliyoandikwa kwamba inaingia moja kwa moja mahali pa balbu ya zamani. Nikaichomeka, nikasukuma swichi. Giza. Nikabadilisha betri, giza tena. Baadaye nikang'amua kwamba betri nilizitia kichwa chini miguu juu, kosa ambalo balbu ya zamani isingelijali kabisa. Nikazigeuza, ikawaka. Lakini ukutani mwanga ulikuwa na shimo jeusi katikati na ukungu wa buluu pembeni, na baada ya dakika ishirini kichwa cha tochi kilikuwa kimepata joto ambalo sikulipenda.

Nilikuwa nimedhani nabadilisha balbu tu. Kumbe balbu ile ilikuwa na makubaliano na kila sehemu ya tochi: na volti za betri, na umbo la kile kibakuli king'avu kinachorudisha mwanga, na njia ya joto kutoka, na hata rangi ya vichujio vilivyofichwa kitakoni. LED inavunja makubaliano hayo yote kwa mpigo mmoja. Anayetaka kuiboresha tochi ya namna hii vizuri hana budi kuyaandika upya, moja baada ya jingine.

Tochi yenyewe ina ukoo. Kabla yake ilikuwepo TL-122, iliyobebwa na askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Herufi TL zilitoka katika mpangilio wa namba wa Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi hilo. TL-122-A ilikuwa ya shaba ya njano. Vita vilipopamba moto shaba ikahitajika kwa maganda ya risasi, na TL-122-B ikatengenezwa kwa plastiki. Matoleo yaliyofuata yaliboresha namna ya kuzuia maji na kutenga nafasi ya vipuri kitakoni. MX-991/U ndiye mjukuu aliyekwenda Vietnam. Ana ukingo unaoikinga swichi isijisukume yenyewe ndani ya mkoba, na chini ana vifuniko viwili vinavyoficha balbu ya akiba na vichujio vya rangi. Mmoja wa watengenezaji wake, Fulton, alikuwa Wauseon, mji mdogo wa jimbo hilihili la Ohio. Umbo la kupinda lina sababu ya wazi: unaitundika kwenye mkanda au kifuani, inamulika mbele, na mikono yako miwili inabaki huru.

Kabla ya LED, kuna uozo

Hapa ndipo tochi nyingi nzuri zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Wanasikia kwamba betri iliyovuja husafishwa kwa siki, wanamwaga siki. Au wamesikia kwamba husafishwa kwa magadi, wanamwaga magadi. Kila ushauri una ukweli wake, lakini kwa betri tofauti.

Betri za alkali, zile zinazouzwa zaidi siku hizi, zina potasiamu haidroksidi ndani yake. Hiyo ni besi kali, yaani kinyume cha asidi. Ikivuja na kukutana na hewa huacha chumvi nyeupe yenye punje, na dawa yake ni asidi hafifu: siki, au tone la ndimu kwenye pamba. Betri za zamani za zinki na kaboni, ambazo bado zimejaa katika maduka ya Afrika Mashariki, zina chumvi za amonia au za zinki zenye tabia ya asidi. Uozo wake huja kama ujiuji wa kahawia unaokula chuma. Ukiupaka siki unaongeza asidi juu ya asidi. Wenyewe unataka magadi ya kupikia yaliyokorogwa na maji kidogo. Kwa hiyo usiitupe betri iliyooza kabla hujasoma kilichoandikwa juu yake. Kama maandishi yamefutika, pima uozo kwa karatasi ya litimasi, inayoonyesha kama kitu ni asidi au besi. Vaa glavu na ukinge macho, maana ile potasiamu inachoma ngozi. Ukimaliza, suuza kwa maji safi kidogo, kisha kwa spiriti, na uiache ikauke siku nzima.

Waliokulia kwetu wanakumbuka jinsi tulivyoanika betri juani redio ilipoanza kunong'ona. Hatukuwa tunajidanganya. Joto huharakisha kemia ndani ya betri ya zinki na kupunguza ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo ilirudi kwa taarifa moja ya habari au nusu ya mpira. Lakini kopo la betri hiyo ni zinki ileile inayoliwa wakati wa kazi. Kadiri tulivyoikamua ndivyo kopo lilivyokuwa jembamba, mpaka likatoboka ndani ya redio.

Sehemu za kugusanisha umeme, yaani springi, vipande vya shaba ndani ya mwili na ulimi wa swichi, zianze kusuguliwa kwa kifutio cha penseli. Msasa uje mwisho, na uwe laini sana, kwa sababu nyingi zimepakwa madini ya kuzuia kutu na ukiyakwangua kutu itarudi ndani ya miezi. Kile kibakuli king'avu, ambacho nitakiita kiakisi, usikiguse hata kwa pamba. Ung'avu wake ni utando mwembamba mno wa madini, na pamba inauchora. Puliza vumbi, basi. Plastiki ya mwili iosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kamwe isiwe asetoni, ambayo huyeyusha plastiki nyingi za miaka hiyo. Pete za mpira zisipakwe mafuta ya mgando ya petroli, kwani mpira wa asili huvimba kwa mafuta hayo. Grisi ya silikoni ndiyo yake. Na kama una TL-122 ya shaba yenye rangi ya asili, mimi naomba usiikwangue. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ile ya madini, na vumbi lake ni sumu. Zaidi ya hapo, ile rangi iliyochakaa pembeni kwa kushikwa ni historia ya mikono ya watu.

Volti: betri mbili hazitoshi na zinatosha

Balbu iliyozoeleka katika tochi hizi inaitwa PR-6. Inafanya kazi kwa volti 2.47 na ampea 0.3. Ndugu yake PR-2 ni ya volti 2.38 na ampea 0.5, inang'aa zaidi na kuungua mapema zaidi. PR-2 inakula umeme wa wati 1.2 hivi na kutoa mwanga wa lumeni kama 10 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Yaani lumeni nane kwa kila wati. Karibu umeme wote unageuka kuwa joto. LED nzuri ya leo inatoa lumeni zaidi ya 100 kwa wati moja. Hapo unaona kwa nini watu wanahangaika.

Lakini LED nyeupe ina kizingiti. Inahitaji volti zinazokaribia 3 ili iwake sawasawa, na chini ya 2.6 hivi inabaki kumeta tu. Betri mbili za alkali zikiwa mpya zinatoa volti 3 na kidogo, zikianza kazi zinashuka haraka chini ya hapo, na zinaendelea kuwa na nishati nyingi mpaka zifike volti 2 kwa jozi. Ukiunganisha LED moja kwa moja, itawaka vizuri kwa muda mfupi kisha ififie, na sehemu kubwa ya umeme uliolipia itabaki ndani ya betri. Ndiyo maana balbu za LED zilizotengenezwa kwa uangalifu zina saketi ndogo ya kupandisha volti iliyofichwa shingoni. Saketi hiyo inachota umeme kidogo kidogo, inauhifadhi ndani ya koili kwa kitambo kifupi mno, kisha inausukuma nje ukiwa na volti za juu zaidi.

Na saketi hiyo ina tabia ambayo ni kinyume cha balbu. Betri zikichoka, balbu ya zamani inakula umeme mdogo zaidi: inafifia, inageuka ya machungwa, inakupa muda wa kutafuta njia. Saketi ya kupandisha volti hujitahidi kutoa wati zilezile, hivyo kadiri volti zinavyoshuka ndivyo inavyovuta ampea nyingi zaidi. Kwa LED ya wati 1, ukihesabu na hasara ya saketi, unavuta kama ampea 0.4 betri zikiwa na volti 3, na ampea 0.6 zikiwa na volti 2. Mwanga haubadiliki usiku wote, halafu unakatika karibu ghafla. Anayeitegemea tochi hii porini abebe betri za akiba, kwa kuwa haitamwonya kama ile ya zamani.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya usafi wa swichi uwe na maana kubwa zaidi baada ya kuweka LED kuliko kabla. Chukua swichi yenye kutu inayokinza omu nusu tu. Kwa ampea 0.6 inapoteza volti 0.3. Saketi inaona volti zimepungua, inavuta ampea zaidi, swichi inapoteza volti zaidi, na mzunguko huo unaendelea mpaka taa inapepesa. Wengi huilaumu LED na kununua nyingine. Chukua testa ya kupimia volti (multimita), iweke kwenye milivolti, gusa pande mbili za swichi wakati tochi inawaka. Ukipata makumi machache ya milivolti, swichi ni nzima. Ukipata mamia, rudi kwenye kifutio cha penseli.

Lile shimo jeusi ukutani

Uzi wa tungsteni ndani ya balbu unang'aa pande zote: mbele, kando, nyuma. Kiakisi kimechongwa kwa mkunjo ambao mwanga wowote unaoanzia kwenye nukta moja maalumu unatoka mbele ukiwa sambamba. Nukta hiyo inaitwa fokasi. Balbu za ukoo wa PR zina ukingo wa bati, na uzi wake unakaa karibu milimita 6 juu ya ukingo huo, balbu baada ya balbu, kiwanda baada ya kiwanda. Ndiyo sababu askari aliweza kubadilisha balbu gizani bila kurekebisha chochote na mwanga ukarudi palepale.

LED ya kawaida ni kibati bapa kinachotazama mbele. Nyuma hakitoi kitu, kando kinatoa kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga wake inapita moja kwa moja kwenye kioo cha mbele bila kukigusa kiakisi, na kukupa ule ukungu mpana usiofika mbali. Kiakisi, ambacho ndicho moyo wa tochi, kinakaa bila kazi. Na kama kibati hicho kimekaa juu au chini ya fokasi, hata ule mwanga mdogo unaogonga kiakisi unatawanyika na kuacha shimo katikati.

Wanaoifahamu kazi hii hutafuta balbu ya LED ambayo vibati vyake vimepandishwa juu ya kijiti chembamba na kutazama kando, vikiwa vimegeuziana migongo, ili viige uzi. Ukiwa na aina ya kutazama mbele, unaweza kuicheza kwa vipete bapa vyembamba vya shaba chini ya ukingo: kimoja, jaribu, viwili, jaribu. Simama mita tatu kutoka ukutani, chumba kikiwa giza, na uangalie shimo likijifunga. Unene wa kadi ya simu ukiongezeka au kupungua, sura yote ya mwanga inabadilika. Mimi nilitumia jioni mbili kwa kazi hiyo na sizijutii hata kidogo.

Joto limebadilisha mlango

Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Balbu ya zamani ina joto kali kuliko LED, lakini joto lake halikai ndani. Uzi ukiwaka hutoa miali ya infraredi, joto lisiloonekana, inayosafiri pamoja na mwanga na kutokea kioo cha mbele. LED haitoi infraredi ya maana. Joto lake linazaliwa nyuma ya kibati na linaweza kutoka kwa njia moja tu, kupita ndani ya vitu vilivyoshikana nacho. Katika tochi za kisasa za alumini kuna barabara pana ya joto hilo. Katika MX-991/U, kilichoshikana na balbu ni pete nyembamba ya bati na plastiki, na plastiki huzuia joto kama blanketi. Shaba ya njano hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko plastiki.

LED inayopata joto hupunguza mwanga, hubadilika rangi, na hufa mapema. Kwa hiyo zile balbu za wati tatu zinazotangazwa kwa mamia ya lumeni hazifai kwa mwili wa plastiki, hata kama zinaingia. Kwangu mimi kipimo ni wati nusu. Kwa umeme huo bado unapata lumeni zaidi ya 40, mara nne ya PR-2, na betri mbili kubwa za alkali zitadumu zaidi ya saa 50. Mwenye TL-122-A ya shaba anaweza kwenda juu zaidi, mradi balbu igusane na shaba kwa uso safi na mpana.

Nyekundu isiyo nyekundu

Vichujio vya rangi vilivyomo kitakoni havikuwekwa kwa urembo. Jicho la usiku linategemea seli ziitwazo vijiti, zenye kemikali ya rodopsini ambayo huharibiwa na mwanga na huchukua karibu nusu saa kujijenga tena gizani. Vijiti havioni vizuri mwanga mwekundu ulioiva, wa mawimbi ya zaidi ya nanomita 640 hivi, kwa hiyo askari aliweza kusoma ramani kwa taa nyekundu hafifu bila kupoteza macho yake ya gizani. Tatizo pekee ni kwamba mistari myekundu ya ramani hutoweka chini ya taa hiyo, na jeshi likalazimika kuchapa ramani zenye rangi nyingine.

Uzi wa tungsteni una wekundu tele, kwa hiyo kichujio kinachagua tu kilichopo. LED nyeupe ni jambo jingine. Ndani yake ni LED ya buluu, ile ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Nobeli ya fizikia kwayo mwaka 2014, ikiwa imefunikwa kwa unga ung'aao (kwa Kiingereza phosphor) unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano. Buluu na njano vikichanganyika jicho linaona nyeupe, lakini nyekundu iliyoiva karibu haipo. Weka kichujio chekundu mbele ya LED nyeupe yenye ubaridi, yaani weupe unaoelekea buluu, na mwanga unakufa karibu wote. Kichujio hakijaharibika, kinazuia kila kitu kwa sababu hakikupewa cha kupitisha.

Chagua basi LED yenye uvuguvugu, yaani weupe unaoelekea njano, ya kelvini 2,700 hadi 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), iliyotengenezwa kuonyesha rangi kwa uaminifu. Inatoa lumeni chache kidogo kuliko ile ya ubaridi, lakini vichujio vinarudi kazini, ngozi ya mtu inaonekana ngozi, na tochi inabaki na ule mwanga wa asali uliozoeleka. Kwenye hili sina mjadala: LED ya ubaridi ndani ya tochi hii inaifanya ionekane mgeni ndani ya nguo zake mwenyewe.

Mambo mawili ya kuogopa

La kwanza ni saketi zenye ngazi nyingi, zile zinazobadilika kutoka mwanga mkali kwenda hafifu kila unapobonyeza. Swichi ya tochi hizi ina kitufe cha kutuma ishara za Mosi (Morse, herufi kwa nukta na vistari): unabonyeza, inawaka, unaachia, inazima. Ukiweka saketi yenye ngazi, kila nukta ya Mosi inakuwa amri ya kubadilisha ngazi na ujumbe unavurugika. Nunua ya ngazi moja. Ukiwa nayo utafurahi, maana LED huwaka na kuzima papo hapo, wakati uzi wa balbu ulihitaji kitambo kupata moto na kupoa.

La pili ni zito zaidi: betri ya lithiamu. Mwenye hamu anaona kwamba seli moja ya lithiamu na kipande cha kujazia nafasi vinatosha. Seli hiyo ikijazwa inafika volti 4.2. Saketi ya kupandisha volti inajua kupandisha tu. Volti zinazoingia zikizidi zile za LED, umeme unapita moja kwa moja bila kudhibitiwa na LED inaungua. Tena ndani ya mwili wa shaba kuna vipande vya chuma vilivyo wazi, na vikigusana vibaya seli ya lithiamu inaweza kushika moto. Betri za kuchajiwa za nikeli (NiMH) zina volti 1.2 kila moja, ambazo saketi inazipokea bila shida, na huvuja kwa nadra sana. Hata zile ndogo za ukubwa wa AA, zikivalishwa kopo la kuziongezea unene, zinatoa saa saba au nane kwa wati nusu. Kwa tochi iliyoponea chupuchupu kuliwa na betri zake, hizo ndizo ninazozipendelea.

Katika kazi yote sikutoboa, sikukata, sikulehemu chochote kwenye mwili. Tochi yangu sasa ina LED ya uvuguvugu ya wati nusu, vipete viwili vya shaba chini ya ukingo, pete mpya ya mpira, na betri mbili za nikeli. Kichujio chekundu kiko mahali pake chini ya kifuniko cha kwanza. Chini ya kifuniko cha pili, kwenye kile kitundu kilichotengenezwa kwa ajili ya balbu ya akiba, nimeiweka PR-6 niliyoikuta nayo, imezungushiwa kipande cha sifongo. Niliijaribu kabla ya kuifungia humo. Bado inawaka.